Nimepima banda langu la kuku wa mayai kundi zima: trei moja inakula nini na inaacha nini kwenye mazingira

Mfugaji wa Mkuranga (mleta uzi)

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za Jumapili. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mwaka juzi hoteli moja ninayoipelekea mayai ilinitumia fomu ya kurasa nne. Ukurasa wa tatu ulikuwa na swali lililoninyima usingizi: eleza athari za uzalishaji wako kwa mazingira, kwa kila kilo ya mayai. Nafuga kuku wa mayai tangu 2013. Namtazama kuku kifuani na kwenye upanga nikajua kama anataga au anakula bure. Lakini kwa swali lile sikuwa na pa kuanzia. Nikajaza "hakuna athari", nikairudisha. Usiku ule upepo ulitoka upande wa banda, harufu ikaingia mpaka chumbani, nikajua nimeandika uongo.

Kundi lililofuata nikaamua kupima kila kitu. Vifaa vyangu vilikuwa mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, mizani ndogo ya jikoni, kaunta buku moja, na kijana wangu wa bandani ambaye hakuruka siku hata moja kuandika. Nimshukuru hapa hapa, maana bila yeye huu uzi usingekuwepo.

Nilipokea vifaranga 520, wakafika kutaga 500. Tangu siku ya kwanza mpaka nilipowauza wiki ya 72 wamekula mifuko 485 ya kilo 50, yaani tani 24 na robo. Wametaga trei 4,475, trei moja ni mayai 30. Gawanyeni wenyewe: kila trei imekula kilo 5.4 za chakula. Yai langu kwa wastani lilikuwa na gramu 58, kwa hiyo trei ni kilo 1.74 za mayai, na kilo moja ya mayai imekula kilo 3.1 za chakula. Hapo nimehesabu na kile walichokula kabla ya yai la kwanza. Wengi tunaisahau ile miezi minne ya mwanzo kwa sababu haina mauzo, lakini kwangu ilimeza kilo 3,380. Ni robo tatu ya kilo kwa kila trei.

Kwa nini nimeanza na chakula na si moshi? Kwa sababu kila aliyepima mayai kwa makini amekuta mzigo mkubwa uko hapo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walipochambua mifugo ya dunia nzima mwaka 2013, uzalishaji wa chakula ulibeba kama asilimia 57 ya gesi zote za mayai, kabla hata ya kuhesabu misitu iliyokatwa kwa ajili ya soya. Kinyesi kilifuata kwa asilimia 20 hivi. Kuku si ng'ombe, hacheui, methani ya tumboni mwake ni kidogo mno. Gesi yake iko shambani kwenye mahindi: ukimwaga mbolea ya chumvichumvi, sehemu ya naitrojeni hugeuka kuwa nitrasi oksaidi, na kilo moja ya gesi hiyo inapasha dunia joto mara 273 kuliko kilo ya kabonidioksaidi kwa kipimo cha miaka 100.

FAO walipata wastani wa kilo 3.7 za hewa ukaa kwa kilo ya mayai, yaani gesi zote zikigeuzwa kuwa sawa na kabonidioksaidi. Watafiti Poore na Nemecek, waliochapisha uchambuzi wao 2018 kwa kukusanya takwimu za mashamba kama 38,700 katika nchi 119, walipata 4.7. Nikizichukua hizo mbili kama mipaka, trei yangu inabeba kati ya kilo 6.4 na 8.2. Lita ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3. Kwa hiyo kila trei inayotoka getini kwangu ni kama nimechoma lita tatu hivi za petroli. Nilikaa chini nilipoiona hiyo namba, maana hakuna petroli bandani kwangu.

Nilikuwa na hakika kosa ni la lori. Mashudu yangu ya alizeti yanatoka Singida, karibu kilomita 700. Lori lililojaa linatoa takriban gramu 100 za hewa ukaa kwa kila tani kila kilomita. Trei moja imekula kilo moja hivi ya mashudu, na safari nzima imeiongezea gramu 70. Hiyo ni kama moja kwa mia ya mzigo wote. Miaka yote nimekuwa nikilaumu barabara wakati jambo lenyewe liko kwenye jembe.

Sasa kinachotoka. Chakula cha kutagia kilikuwa na protini asilimia 16.5, na protini ukiigawa kwa 6.25 unapata naitrojeni. Kwa wiki 54 za kutaga wamekula kilo 20,870, ndani yake naitrojeni kilo 551. Yai moja linaondoka na gramu 1.1 hivi, kwa hiyo mayai yote 134,250 yameondoka na kilo 148. Kilo 400 zilizobaki ziko wapi? Kuku mkubwa haongezeki mwili kiasi hicho. Ziko kwenye kinyesi. Wakuu, kilo 400 za naitrojeni ni mifuko 17 ya urea. Na kwa mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, kinyesi cha kuku kilichochanganyika na matandiko hupoteza kama asilimia 40 ya naitrojeni yake hewani, kisicho na matandiko asilimia 55. Kwa banda langu la maranda ni mifuko saba ya urea iliyopaa na kuingia puani kwa majirani, na iliyobaki masika nilikuwa naimwaga bondeni, kwenye mkondo ambao watoto wanachota maji ya kumwagilia mchicha.

Namba iliyonigusa kuliko zote haiko kwenye fomu ya hoteli. Chakula changu nilikichanganya mwenyewe, na dagaa walikuwa asilimia 5. Kwa kila trei ni gramu 270 za dagaa wakavu, zaidi ya robo kilo. Kilo ya dagaa wakavu inatokana na kilo tatu hadi nne za wabichi. Nilimwomba mke wangu anipimie gramu 270 za dagaa jikoni, akaziweka kwenye sinia. Ni mboga ya watu wanne na inabaki. Protini yake ni kama gramu 160. Mayai 30 yana protini kama gramu 190. Yaani samaki peke yake walioingia, bado mahindi, bado mashudu, walikuwa wanakaribia kile nilichotoa.

Na mkaa. Kulea vifaranga wiki tatu nimetumia gunia tano, kama kilo 250. Tanuru zetu za udongo zinakula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Igawe kwa trei utaona ni ndogo, lakini kuni za jumla ni tani moja na robo mpaka mbili na nusu, na najua zilikatwa upande gani wa wilaya.

Nauliza waliosoma: nimepima sawa? Nimesahau nini?

Mwanafunzi wa Mifugo, Morogoro

Mkuu, marahaba kwa kazi hii. Nimesoma mara mbili. Wengi tunafundishwa kupima kwa programu za kompyuta na hatujawahi kuning'iniza mfuko hata mmoja.

Hesabu yako ya naitrojeni ni njia halali kabisa, ya kutoa kilichoondoka kwenye kilichoingia. Wataalamu wanaitumia kwa sababu kupima amonia, ile gesi ya naitrojeni yenye harufu kali inayotoka kwenye kinyesi, hewani moja kwa moja ni ghali na inabadilika asubuhi na mchana.

Ulichosahau ni kugawa mzigo. Ulipofika wiki ya 72 uliuza kuku wale kwa nyama, sivyo? Basi si haki mayai yabebe kila kitu. Viwango vya kimataifa vya ISO 14040 na 14044, ambavyo ndivyo msingi wa tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa, vinakutaka useme wazi umegawaje: kwa uzito, kwa thamani ya pesa, au kwa njia nyingine. FAO pia walitoa mwongozo mahsusi wa kuku mwaka 2016. Ukitumia pesa, chukua mapato yote ya kundi, angalia kuku wazee walileta asilimia ngapi, hiyo asilimia iondoe kwenye mayai.

Vivyo hivyo kwa pumba. Watu husema pumba ni takataka za mashine kwa hiyo hazina athari. Zingekuwa takataka zisingekuwa na bei. Kwa kuwa mwenye mashine anaziuza, na bei inapanda, sehemu ya shamba la mahindi inazifuata pumba mpaka bandani kwako. Mashudu nayo hivyo hivyo, yanagawana shamba la alizeti na mafuta.

Kuhusu hiyo 3.1 yako, usikate tamaa. Marekani walilinganisha sekta yao ya mayai ya 1960 na ya 2010. Mwaka 1960 kilo ya mayai ilikula kilo 3.44 za chakula, 2010 ikafika 1.98. Gesi kwa kila kilo ya mayai zilishuka asilimia 71. Hawakufanya muujiza: kuku walikufa wachache, walitaga zaidi, na chakula kikabadilika. Nishati ilishuka asilimia 31 tu, hiyo nayo waliisema wazi.

Ukitaka kuona nguvu ya afya kwenye hesabu, chukua daftari lako uweke kundi lile lile litage asilimia 60 badala ya 71 ulizopata. Chakula hakipungui sana, mayai yanapungua, trei inapanda kutoka kilo 5.4 mpaka karibu 6.4. Mdondo mmoja uliokosewa chanjo unaharibu mazingira kuliko safari zote za Singida.

Jirani wa Banda

Samahanini wakuu, mimi si mfugaji. Nimepanga Mbagala, nyuma ya nyumba kuna banda la kuku kama 800. Mmeongea kilo za hewa ukaa mpaka nimechoka. Mwanangu ana pumu. Hiyo 3.7 na 4.7 inanisaidia nini mimi? Asubuhi nikifungua dirisha macho yanawasha. Hicho kipimo chenu kimeandikwa wapi?

Mfugaji wa Mkuranga

Ndugu yangu, pole sana, na pole kwa mtoto. Swali lako ni la haki kuliko fomu ya hoteli. Wapimaji wanagawa kila kitu kwa kilo ya mayai, na ukigawa hivyo, banda safi na banda chafu yanaweza kukaribiana kwa hewa ukaa. Wewe hauli kilo ya wastani ya dunia. Unavuta hewa ya banda moja.

Nikwambie amonia inavyozaliwa, maana ukiijua unaweza kuongea na mwenye banda bila kugombana. Kuku hakojoi kama sisi. Ule weupe juu ya kinyesi ni asidi ya yuriki. Ikibaki kavu inatulia. Ikilowa, bakteria wanaivunja, amonia inatoka. Kwa hiyo harufu ni habari ya maji. Kinyesi kibichi kina maji kama asilimia 75, na kinyweshi kinachovuja kinamalizia kazi.

Kuna vikaratasi vya kupima amonia, unakilowesha kwa maji yaliyosafishwa, unakishika bandani kwenye usawa wa kichwa cha kuku, unalinganisha rangi. Kiwango ambacho banda halitakiwi kupita ni sehemu 25 kwa milioni. Mimi nilipopima mara ya kwanza, saa 12 asubuhi kabla ya kufungua mapazia, rangi ilipita 40. Na kijana wangu alikuwa anaingia humo kila siku. Alikuwa anakohoa, mimi nikidhani ni mafua ya msimu.

Mwambie mwenye banda akupe ruhusa mpime pamoja. Kama hataki, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakupa haki ya kuishi kwenye mazingira safi, salama na yenye afya, anza na serikali ya mtaa.

Mama Dagaa, Mwanza

Salaam wanangu. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, mwaka wa kumi na tisa huu. Nimeona habari ya sinia la dagaa nikasema lazima niandike.

Mnunuzi wa chakula cha kuku hachukui dagaa wangu wa kwanza. Anachukua wale waliolala mchangani mvua ikawakuta, wamegeuka rangi, wana mchanga. Bei yake ni ya chini. Kwa hiyo usiseme umewanyang'anya watoto mboga, hao dagaa hawaliwi na mtu.

Lakini ngoja niseme na upande wa pili. Kwa nini wananyeshewa? Kwa sababu tunaanika chini. Wenzetu wanaoanika kwenye chanja, dagaa wao hawana mchanga, wanakauka haraka, mvua ikitisha unafunika turubai. Hao wote wanaenda kwa watu. Sasa mtu mwenye mtaji mdogo anajua hata akiharibikiwa, gari la chakula cha kuku litakuja. Hahangaiki kutengeneza chanja. Na nimeona mwenyewe, mwezi ambao viwanda vinanunua sana, hata dagaa wazuri wanapanda bei, mama wa mtaani anapima kikombe badala ya sado.

Mfugaji wa Mkuranga

Mama, shikamoo. Hili sikulijua, na limebadilisha namna ninavyoisoma namba yangu. Nilikuwa nimeiandika kama mboga niliyoichukua mezani. Wewe unaniambia ni mboga iliyoharibika njiani, na kuwepo kwangu sokoni ni sababu moja ya kuendelea kuharibika.

Naomba nikuulize: ukipima mzigo unaokwenda kwenye kuku, mchanga ni kiasi gani? Maana mimi nanunua kwa kilo.

Mama Dagaa, Mwanza

Marahaba mwanangu. Chukua ndoo ya maji, mimina kilo moja, koroga, dagaa wanaelea na mchanga unashuka. Utaona mwenyewe. Mzigo mbaya unaweza kukuta vikombe viwili vya mchanga chini.

Mkulima wa Kiambu

Sasa wadau. Natoka Kiambu, nafuga kuku wa mayai 1,200 kwa keji. Huku hao dagaa tunawaita omena na mambo ni yale yale.

Nataka kuongeza mambo mawili. Kwanza, mashudu yangu ya alizeti yanavuka Namanga kutoka kwenu. Soya mara nyingine inatoka Zambia. Kwa hivyo hata nikipanda miti kuzunguka boma langu lote, shamba langu la kweli liko nchi nyingine, na silioni. Nikiulizwa ardhi ninayotumia, jibu la ukweli ni robo eka ya banda na ekari nyingi za watu wengine. Mahindi ya huku kwetu yakitoa tani moja na nusu au mbili kwa hekta, na Marekani yakatoa kama tani 11, mnaelewa kwa nini kilo moja ya chakula chetu inakula ardhi kubwa hata kama hatuweki mbolea nyingi.

Pili, hii vita ya keji na sakafu. Kuna wateja Nairobi wanauliza mayai ya kuku wasio kwenye keji wakidhani ndiyo rafiki wa mazingira. Mwenye takwimu atuambie.

Mwanafunzi wa Mifugo, Morogoro

Kaka wa Kiambu, takwimu zipo lakini hazitampendeza kila mtu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2012 ulipata kwa kila tani ya mayai: vizimba, yaani keji, tani 2.92 za hewa ukaa, banda la ndani bila vizimba 3.45, kuku huria 3.38, ogani 3.42. Kuku wa kizimbani hatembei sana, anakula pungufu kidogo, ndiyo maana. Marekani nao walipolinganisha mabanda matatu, matokeo yakatoka 2015, banda lisilo na vizimba lilikuwa na vumbi jingi mno hewani kuliko lile la vizimba, mara nane hadi kumi, na wafanyakazi ndio waliolivuta.

Ila Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya kawaida kuanzia Januari 2012, na hawakufanya hivyo kwa ajili ya hewa ukaa. Walifanya kwa ajili ya kuku mwenyewe, asiyeweza kunyoosha mbawa. Mimi nasimama na kuku. Tofauti ya nusu tani kwa tani ya mayai inaweza kufidiwa kwenye chakula. Maisha ya mnyama hayafidiwi popote kwenye jedwali. Mteja wako wa Nairobi anadai jambo jema, amelipatia tu jina lisilo lake, na ukimweleza hivyo ataendelea kununua.

Mswahili wa Hereford

Habari za nyumbani wapendwa. Nafanya kazi ya kulea wazee Hereford, Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Nimeusoma uzi huu nikiwa kazini usiku na nikaona lazima nisimulie, kwa sababu hapa nilipo ndipo mayai yenye namba nzuri yameumiza mto.

Mto Wye unapita mjini kwetu. Kwenye bonde lake lote kuna kuku zaidi ya milioni 20, wa nyama na wa mayai, na upande wa Powys mashamba mengi ni ya mayai ya kuku huria. Ukichukua yai moja ukalipima kwa gesi, liko vizuri. Lakini kuku wale wanakula nafaka na soya zilizotoka mbali, na kinyesi kinabaki hapa hapa bondeni. Kinatandazwa mashambani mwaka baada ya mwaka. Tatizo la huku ni fosforasi zaidi ya naitrojeni. Udongo umeshiba, mvua ikinyesha inashuka mtoni.

Mzee mmoja ninayemhudumia alivua samaki mto huu tangu utotoni. Siku za jua namsukuma kwa kiti chake mpaka darajani. Miaka ya karibuni kukipata joto maji yanakuwa kama supu ya mchicha, na yale majani ya majini yenye maua meupe anayonisimulia hayapo sehemu nyingi. Mei 2023 mamlaka ya uhifadhi wa mazingira asilia ya England, Natural England, ilishusha daraja la mto kuwa katika hali mbaya inayozidi kudorora. Mzee alinisomea gazeti kwa sauti halafu akalikunja.

Kwa hiyo mleta uzi, ulipoandika kuhusu bonde na watoto wa mchicha nilishtuka. Wewe una kuku 500. Mkiwa wafugaji 2,000 wa namna hiyo kwenye bonde moja, mmefika milioni moja. Usipime kwa trei peke yake. Pima na kwa bonde.

Mfugaji wa Mkuranga

Ndugu wa Hereford, nimekusoma taratibu. Kwangu hapa nikihesabu mabanda ninayoyajua kwenye mteremko ule ule yanafika kumi na moja, na sote tulikuwa tunamwaga sehemu moja. Hilo sijawahi kulijumlisha mpaka leo.

Kuhusu fosforasi, kwa faida ya wengine: sehemu kubwa ya fosforasi ya mahindi na mashudu imefungwa kwa namna ambayo tumbo la kuku haliwezi kuifungua. Inapita moja kwa moja. Sisi tunaongeza DCP, ile chumvi ya dukani yenye kalsiamu na fosforasi, ili kuku apate ya kutosha, na ile iliyofungwa inaishia kwenye kinyesi. Kuna kimeng'enya kinaitwa faitesi, kinauzwa, na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nyingi siku hizi zinacho, kinaifungua. Ukikitumia unapunguza DCP. Wengi tunaweka vyote viwili kwa kiwango kamili, hapo tunalipia uchafuzi kwa pesa yetu.

Sasa niwape nilichofanya kundi hili la sasa. Nilianza na vinyweshi. Nilichota matandiko sehemu tano tofauti za banda, nikachanganya, nikapima kilo moja, nikaanika kwenye bati mpaka uzito ukagoma kushuka. Ilibaki gramu 580, yaani maji asilimia 42. Matandiko mazuri hayatakiwi kupita 30. Tulibadilisha vinyweshi saba vilivyokuwa vinavuja, tukanyanyua vyote vifike usawa wa mgongo wa kuku, tukawa tunageuza maranda kila siku ya tatu kwa reki. Baada ya wiki tano kilo ile ikabaki gramu 740. Kikaratasi cha amonia saa 12 asubuhi kikasoma chini ya 20. Kijana wangu kikohozi kimekwisha, wala hakuna dawa aliyopewa.

Kinyesi sikimwagi tena. Nimeezeka bati nne nyuma ya banda, sakafu ya zege, kinakaa kimefunikwa. Mkulima wa mihogo na mwingine wa matikiti wanakuja kuchukua kwa gunia. Dagaa nimeshusha kutoka asilimia 5 mpaka 2, nikaongeza soya iliyokaangwa ya Ruvuma na methionini ya dukani, kirutubisho kinachojenga protini. Utagaji haujashuka. Najua soya ina shamba lake, nitaipima nayo. Kuna kijana wa jirani anafuga funza wa nzi askari mweusi wa kulisha kuku, kwa mabaki ya sokoni, ameniletea kilo kumi za majaribio. Nazo nitaziandika.

Fomu ya hoteli nimewaomba wanitumie tena. Safari hii nimejaza: kilo 5.4 za chakula kwa trei, gramu 270 za dagaa, kilo 400 za naitrojeni kwa kundi, na nimeandika chini yake ninachobadilisha.

Jirani wa Banda

Mkuu, jana nilimpelekea mwenye banda huu uzi, nikamwonyesha kwenye simu pale pale getini. Alianza kwa hasira. Alipofika kwenye habari ya mifuko 17 ya urea akanyamaza, akasoma mpaka mwisho. Kwake kwa kuku 800 amepiga hesabu mwenyewe, ni kama mifuko 28. Amesema nije Jumamosi na mizani yangu ya jikoni. Kilo moja, bati, jua, sivyo? Kwa siku ngapi?

Mfugaji wa Mkuranga

Sivyo hivyo tu ndugu yangu. Pima bati tupu kwanza uandike uzito wake. Msichote chini ya kinyweshi peke yake wala katikati peke yake, zungukeni pembe zote nne na katikati. Tandazeni nyembamba, mgeuze kila baada ya saa mbili, jioni mliingize ndani umande usilipate. Kwa jua la sasa siku tatu zinatosha, lakini la msingi ni uzito ugome mara mbili mfululizo. Na muende saa 12 asubuhi, kabla hajafungua mapazia, ili hewa mnayoipima iwe ile ile inayokuja dirishani kwa mtoto.

Jirani wa Banda

Saa 12 asubuhi. Nimeshamwambia.